Kijito Kilichomsindikiza Epifania

Jumatatu ya mwisho ya Septemba mwaka 2014, darasa la jioni la watu wazima mjini Kasulu lilichelewa kuanza kwa sababu ya sufuria. Yusta, anayekaanga maandazi karibu na stendi, alisema sufuria yake kubwa haiwezi kutoka nyumbani bila mfuniko, na mfuniko ulikuwa umeazimwa msibani. Melkiadi, fundi baiskeli, alisema maharage hayajui kama yamefunikwa.

"Maharage hayajui, lakini nzi wanajua," Yusta akajibu. "Shemeji, wewe ziba pancha zako."

Mwalimu Rashid alisimama ubaoni na chaki mkononi, akasubiri. Alikuwa mtu wa Tanga, ameletwa Kasulu na ajira, na alikuwa amekwisha kujifunza kwamba watu wa huku huwezi kuwakatiza kabla hawajamaliza. Siku ya matembezi ilikuwa imepatikana kwa taabu. Ijumaa ilikataliwa na Waislamu, Jumamosi ikakataliwa na Wasabato, Jumapili na Wakatoliki pamoja na Waanglikana, na siku zilizobaki zikakataliwa na mashamba. Mwishowe ilibaki sikukuu ya tarehe kumi na nne Oktoba, ambayo mwaka huo iliangukia Jumanne na haikuwa na dini.

Walikuwa wanakwenda Bustani ya Bonde Kijani, iliyofunguliwa Julai katika bonde chini ya mji. Mwalimu Rashid alikuwa na sababu yake. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulitaka insha kuhusu matembezi, na alipowauliza wanafunzi wake, wote watu wenye watoto na wengine wajukuu, aligundua kuwa walikuwa wamesafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa hospitali, na wawili kwa kukimbia vita. Hakuna aliyewahi kutoka nyumbani ili kwenda kutazama tu.

"Tukifika kule tunafanya nini?" Yusta aliuliza.

"Tunatembea," alisema mwalimu.

"Tukielekea wapi?"

"Hatuelekei popote, mama. Tunazunguka, tunatazama miti."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

"Bila kuni?"

"Bila kuni. Imekatazwa."

Yusta alionekana kulipima jambo hilo kwa moyo mkunjufu, kama mtu aliyeambiwa desturi za nchi ya mbali.

Hapo ndipo Epifania alipoingia. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Lori la mbao lilikuwa limesimama katikati ya barabara, na kijito kilikataa kupita chini yake. Mwalimu alisema hakuna neno, akauliza kama kimepata mahali pa kulala. Kilikuwa kimekwisha kujilaza nje ya mlango, kwenye mfereji wa maji ya paa, pamoja na vyura wake na kaa mmoja. Mwalimu Rashid akashukuru, akatoka kutawadha, maana jua lilikuwa linazama. Aliporudi baada ya kuswali, Epifania aliongoza sala ya kufungua darasa, wakaitikia amina, naye akaitikia, wakaanza kusoma.

Kijito hicho kiliitwa Nyakagezi. Kilikuwa na upana wa mkeka, na kilikuwa kimemfuata Epifania tangu mwaka uliotangulia, siku alipohama bondeni. Epifania alizaliwa bondeni, akaolewa hatua chache kutoka alipozaliwa, akazika mume huko na kulima huko. Watu wa mradi wa bustani walipokuja, walimwambia apishe ili eneo lipimwe, na kwamba ataonyeshwa kiwanja kingine. Alipisha. Uzio ukajengwa, lango likawekwa, na kiwanja kingine hakijaonyeshwa. Kila alipokwenda ofisi ya mradi aliambiwa suala lake linashughulikiwa, akaletewa kiti, akakaa, akaondoka.

Siku ile ya kuhama alijitwisha mzigo, akashika jembe na kuku wawili, akapanda njia inayopita kwenye mti mkubwa wa mvumu. Kijito kikainuka kwenye mawe yake kikamsindikiza. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwani Waha, wenyeji wa Kasulu, hawamwachi mtu aondoke peke yake. Mwenyeji hutoka na anayeondoka, wakaenda pamoja wakizungumza, mpaka yule anayeondoka mwenyewe asimame na kusema, "Rudi, umenifikisha." Hapo mwenyeji hupiga makofi polepole, akageuka. Asipoambiwa, hawezi kugeuka. Melkiadi alikuwa na mjomba aliyemsindikiza mgeni mwenye jino linalouma. Mgeni hakuweza kufumbua kinywa, basi mjomba akaenda naye hadi Kibondo, na yuko huko hadi leo, ameoa, ana mbuzi.

Epifania hakusema lile neno. Alipofika kwenye mvumu alitaka kusimama, akashindwa. Alifika njia panda, akashindwa tena. Aliingia mjini na kijito nyuma yake, akapanga chumba mtaa wa Mwilamvya, na kijito kikalala uani. Mwenye nyumba alilalamika siku mbili kuhusu vyura. Siku ya tatu bomba la mtaa lilikatika, na tangu hapo hakulalamika. Wanawake wa jirani walichota hapo asubuhi na jioni. Jumapili kijito kilikwenda kanisani na kulala ubavuni mwa jengo, upande wa kivuli, na katekista alisema hakijawahi kuchelewa.

*

Juma lililofuata alikuja darasani kijana aliyeitwa Theonest. Alikuwa afisa wa bustani, mzaliwa wa Kagera, mpole, mwenye viatu vilivyofutwa vizuri. Kabla ya kuingia alikiruka kijito kwa uangalifu, akakisalimu kwa kichwa.

Alisema amesikia kuhusu matembezi yao na amefurahi. Alisema darasa zima litaingia bure siku ya sikukuu. Watu wakapiga makofi. Kisha akageuka upande wa Epifania.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, tuna daraja zuri sana kule. Daraja la mbao. Watu wanasimama juu yake, wanatazama chini, wanaona mawe. Juzi mgeni mmoja kutoka Kigoma ameniuliza, daraja hili la nini?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia maji yametoka kidogo."

"Hukusema uongo," alisema Epifania.

Theonest alieleza kuwa wamejaribu njia zote za kitaalamu. Walichimba, wakaleta mtu wa pampu. Mwishowe mlinzi wao akawaambia habari ya kusindikiza, nao wakaona ni neno dogo tu. Kama bibi angekubali kuja siku ya sikukuu na darasa, akasimama pale darajani, akakiambia kijito kuwa kimemfikisha, basi kila mtu angefurahi.

"Na kiwanja changu?" Epifania aliuliza.

"Suala lako linashughulikiwa, bibi."

"Sawa."

Melkiadi alisema yeye angeweza kulisema neno hilo kwa niaba, maana sauti anayo. Alitoka nje, akasimama mbele ya kijito, akavua kofia, akasema, "Rudi, umetufikisha." Chura mmoja akahama jiwe. Melkiadi akavaa kofia yake, akarudi kukaa.

"Hakikukujua," Yusta alimwambia. "Hata mimi ukiniaga wewe sigeuki."

Theonest alipoondoka, darasa lilimgeukia Epifania. Walitaka sana kwenda. Yusta alikuwa amekwisha kuurudisha mfuniko kutoka msibani, jambo ambalo halikuwa rahisi.

"Nitakwenda," alisema Epifania. "Kwenda siyo shida. Shida ni lile neno. Nikikiambia kimenifikisha, maana yake nimefika. Nimefika wapi? Chumba cha kupanga? Mtu hasindikizwi kwenda mahali pasipo pake. Nikisema nimefika nitakuwa nimedanganya, tena nimekidanganya kitu kisichonikosea."

"Ni neno tu, dada," Melkiadi alisema.

"Hata ndoa ni neno tu."

Mwalimu Rashid alipangusa ubao ingawa haukuwa na maandishi. Alisema hakuna atakayemlazimisha mtu, na kwamba insha inaweza kuandikwa hata kuhusu bustani yenye mawe makavu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe angekikosa kijito wakati wa kutawadha.

Usiku ule na kila usiku uliofuata Epifania aliomba kabla ya kulala. Hakuomba kiwanja, maana hilo alikuwa amekwisha kuliomba na aliamini limesikika. Aliomba apewe neno litakaloweza kukirudisha kijito kwao bila yeye kusema uongo. Alifikiri maji hayakuumbwa kulala kwenye mifereji ya paa. Kaa wake alikuwa amekonda.

*

Tarehe kumi na nne walikusanyika mapema mbele ya ukumbi wa darasa. Kulikuwa na sufuria na mfuniko wake, ugali wa muhogo uliofungwa kwenye majani ya mgomba, samaki aina ya migebuka wa kukaanga, na mkungu wa ndizi mbivu, maana walikuwa wamekubaliana kuwa hawawezi kwenda mahali mikono mitupu. Nani hasa angepokea ndizi hizo halikuamuliwa. Melkiadi alipendekeza wapewe miti.

Waliteremka mji kwa mstari. Epifania alitangulia akiwa na kitenge cha Pasaka, kijito kikafuata nyuma yake kikiwa kimejikusanya kando ya barabara ili kisimlowanishe mtu, kisha likafuata darasa. Watu waliokuwa vibarazani waliwasalimu. Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo akawapisha, akauliza ni harusi ya nani.

"Tunakwenda kutazama," Yusta alimjibu kwa fahari.

"Kutazama nini?"

"Tutajua tukifika."

Langoni walimkuta mlinzi, Makarius, aliyewahi kulima mpaka mmoja na Epifania na sasa alikuwa na sare ya kijani na filimbi. Alimwona, akaweka filimbi chini, akainama kidogo akapiga makofi polepole, akasema, "Mwidiwe," salamu ya Kiha ya jioni, ingawa ilikuwa bado asubuhi, kwa kuwa alikuwa amezoea kukutana naye jioni wakitoka kulima. Epifania akainama, akapiga makofi, akaitikia. Waliulizana habari za watoto, za kuku, za goti la Makarius, za marehemu wa pande zote mbili. Kijito kilisubiri. Foleni ya wageni wengine ilisubiri pia.

"Sasa, shemeji," Makarius alisema mwishoni, kwa aibu. "Wageni wanapitia hapa."

Epifania alilitazama lango. Maisha yake yote alikuwa ameingia bondeni kwa upande wa mvumu. Akasema, "Haya," akapita, na kijito kikapita nyuma yake, na Makarius akainua miguu.

Bustani ilikuwa nzuri. Hata Epifania alisema hivyo. Njia zilipangwa kwa mawe meupe, miti ilikuwa na vibao vya majina, na maua yalipandwa kwa mstari kama wanafunzi. Theonest aliwatembeza akiwaeleza miti kwa majina ya kitaalamu, na kila alipomaliza Epifania alieleza kilichobaki. Hapa palikuwa na maharage. Hapa alizika kitovu cha mtoto wake wa kwanza. Mti huu ulipandwa na mumewe siku aliyonusurika na nyoka, na nyoka mwenyewe aliishi pale. Theonest alisema hayo hayamo kwenye kibao, lakini yanavutia.

Wakafika kwenye benchi la saruji lenye maandishi: Eneo la Kupumzikia.

"Hapa palikuwa jikoni kwangu," alisema Epifania. "Nilipumzikia hapa kweli, ila kwa kusimama."

Alisogeza mguu, akaonyesha mahali mafiga yake matatu yalipokuwa. Yusta alikuwa amechoka, akaitua sufuria hapo hapo. Baada ya muda mfupi mfuniko ukaanza kutikisika. Maharage yalikuwa yanachemka. Theonest alikuja kwa haraka, kwani moto ulikatazwa bustanini, akainama, akatazama chini ya sufuria, akaona nyasi mbichi na siafu wawili. Alifikiri kidogo. Akasema kwa kuwa hakuna moto hakuna kanuni iliyovunjwa, naye akaomba sahani.

Walikula vizuri. Epifania ndiye aliyepakua, akianza na Theonest kwa kuwa alikuwa mdogo na yuko mbali na kwao. Kijana alimshukuru, akasema, "Karibu sana kwetu, bibi," na hakuna aliyecheka isipokuwa Melkiadi, ambaye alijifanya amepaliwa na mwiba wa mgebuka. Ndizi walimpa Makarius, aliyezipokea kwa mikono miwili kwa niaba ya bustani. Mwalimu Rashid alijilaza chini ya mti wa yule nyoka akalala usingizi, jambo ambalo wanafunzi wake walilikumbuka kwenye insha zao zote.

*

Jua lilipopungua, Theonest alisema kwa upole kwamba wakati umefika. Walikwenda darajani. Lilikuwa daraja zuri kweli, na chini yake mawe yalikuwa meupe na makavu kama mafupa. Kijito kilisimama kando ya Epifania, kwenye nyasi, na hakikuonyesha dalili ya kuyatambua mawe yake.

Theonest alitoa simu yake apige picha. Makarius alivua kofia. Yusta alimshika Epifania mkono.

"Dada, usiseme usichotaka," alimnong'oneza. "Insha tutaandika hata hivyo."

Epifania alifumba macho. Midomo yake ilitembea kidogo, na darasa, lililomzoea, likajua anaomba, likainamisha vichwa. Mwalimu Rashid akafungua viganja vyake.

Alipofumbua macho aliinama karibu na kijito, kama mtu anayemfunga mtoto kamba ya kiatu.

"Sijafika," alikiambia. "Hujanifikisha, na siyo kosa lako. Lakini umechoka. Tangulia nyumbani. Nakuja."

Kijito kilitulia kidogo. Kisha kikateremka ukingoni, kikapita chini ya daraja, kikajinyosha kwenye mawe yake, kipande kwa kipande, mpaka bonde zima likawa na sauti tena. Vyura walifuata kwa kuruka. Kaa alikwenda mwisho, upande upande.

Watu walisimama wakisikiliza. Theonest alipiga picha tatu. Alifurahi sana, akampa kila mtu mkono, na alipofika kwa Mwalimu Rashid akasita.

"Neno siyo lile tulilokubaliana," alisema.

"Siyo lile," mwalimu alikubali.

"Lakini limefanya kazi."

"Bosi, umesikia lakini?" Melkiadi aliuliza. "Amekiambia anakuja. Kwake."

"Anakaribishwa wakati wowote," alisema Theonest kwa dhati. "Kuanzia saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili jioni tunafunga."

Epifania alimshukuru, akauliza kuhusu kiwanja. Theonest alisema atakumbusha. Wakarudi mjini wakipanda mlima kwa mstari, sufuria ikiwa tupu, na Epifania alitembea mwisho, kwa kuwa hapakuwa na wa kumfuata.

Wote walifaulu insha. Yusta alipata alama za juu kuliko wengine. Aliandika kuwa kutazama ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na kwamba mtu akirudi bila kuni mikono hubaki na swali. Ofisi ya mradi ilimwandalia Epifania soda na keki, ikamkabidhi fulana yenye picha ya daraja. Kuhusu kiwanja, aliletewa kiti.

Ila mtu aliyetangulizwa nyumbani haketi tu ndani. Jioni ikifika hutoka kumlaki mwenye nyumba, ampokee mzigo. Basi kila siku jua linapoanza kuzama, Nyakagezi huinuka kwenye mawe yake, hupita njia ya mawe meupe mpaka langoni, na kujilaza kizingitini huku kikitazama barabara ya mjini. Makarius hawezi kufunga lango juu ya maji. Alijaribu mara moja, bawaba zikaota majani. Theonest, ambaye hapendi kanuni ivunjwe, aliagiza kibao kiandikwe upya, nacho sasa kinasema kuwa bustani inafungwa saa kumi na mbili, lango baadaye. Wanawake wa Mwilamvya hushuka na ndoo zao saa hiyo kuchota. Huongea sana, na hurudi wakiimba.

Epifania hupita hapo akiwa amevaa fulana ya daraja chini ya kitenge, daftari kwapani. Husimama ng'ambo ya barabara, akainama kidogo, akapiga makofi polepole. Kijito kinainua kichwa chake.

"Bado kidogo," hukiambia.

Kisha hupandisha kwenda darasani, ambako wamefika kwenye hesabu za kugawanya, na Mwalimu Rashid huwa amekwisha kumwekea kiti karibu na mlango, kando ya mfereji ule kijito kilipokuwa kikilala.